Mpira wa Kupewa

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Kocha aliingia ofisini kwa katibu wa klabu ya gofu akiwa na kikombe cha nafasi ya tatu ndani ya mfuko wa sokoni, mfuko uleule wa kubebea vitunguu. Alikitoa, akapuliza ganda la kitunguu lililonasa kwenye mkono wa kikombe, akakiweka mezani katikati ya faili.

"Nakirudisha," alisema. "Si changu."

Katibu alikuwa mtu mpole wa makaratasi. Hata ukimwambia nyumba inaungua, atanyoosha kwanza faili zake zilingane pembe ndipo akimbie. Akazinyoosha. "Wamekosea kuandika jina?"

"Jina liko sawa. Mwenye jina ndiye mwenye kosa. Juzi, shimo la kumi na nane, sikulimaliza. Mpira wangu ulibaki nje, kama hatua moja hivi. Mhandisi, niliyecheza naye, akaniambia okota, umepewa. Nikaokota. Kwenye kadi tukaandika mapigo manne, yeye akatia sahihi, na mimi nikatia."

Katibu akaziacha faili.

Kwa asiyecheza gofu, huu utaonekana ugomvi wa watu walioshiba. Lakini subiri. Gofu ina michezo miwili ndani yake. Kuna ule wa watu wawili wanaoshindana shimo kwa shimo, ambapo mpinzani wako anaweza kukuambia mpira umekaribia vya kutosha, hesabu umeingia, okota twende. Huko ndiko kupewa, na ni uungwana. Na kuna ule wa kuhesabu mapigo, ambapo hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke mwenye ruhusa ya kukupa kitu. Hata mpira ukibaki upana wa kidole, utausukuma mpaka utumbukie. Jumamosi ile walicheza mchezo wa kuhesabu mapigo. Hata mbeba mikoba ya fimbo wa siku ya kwanza anaijua tofauti hiyo. Kocha alikuwa na miaka thelathini katika uwanja ule, kumi ya kubeba mikoba ya wengine na ishirini ya kuwafundisha, na aliijua kuliko wote waliokuwepo.

"Jambo hili nani mwingine analijua?" katibu aliuliza, akishusha sauti ingawa ofisini walikuwa wawili tu na feni.

"Mhandisi. Mimi. Sasa na wewe."

"Basi liishie hapa."

"Liishie hapa vipi? Kanuni inasema nifutwe. Nifute."

"Nikikufuta lazima nibandike tangazo, Kocha. Nikibandika tangazo, watu watauliza imekuwaje mwalimu wa klabu aokote mpira wa hatua moja badala ya kuusukuma tu. Na jibu lake unalijua." Aliutupia jicho mkono wa kulia wa Kocha, kisha upesi akageukia dirisha, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake anavaa.

Jibu lenyewe lilikuwa hili. Mkono ule wa kulia, uliokuwa ukipiga mpira mita mia mbili ukanyooka kama kamba ya mwashi, ulikuwa umegoma kufanya kazi moja tu. Sindano ulitunga. Chai haukumwaga. Wajukuu wa jirani uliwakata kucha wakiwa usingizini na hawakuamka. Lakini Kocha akisimama kwenye grini, pale nyasi zinaponyolewa kama zulia kulizunguka shimo, mpira umebaki hatua moja au mbili, fimbo fupi ya kusukumia ikiwa mkononi, basi katika nukta ileile ya kugusa mpira mkono unaruka. Unaruka mara moja, kutoka kiwiko hadi kidole, na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Kocha aliuita ugonjwa huo kigugumizi cha mkono. Klabuni hawakuuita jina lolote. Walisema "mambo yale," na aliyesema aligonga meza ya mbao mara tatu kukinga balaa.

Na klabu ile, nisiwasingizie, ilipenda magonjwa kupita kiasi. Ukitaka kumfurahisha mwanachama, muulize habari za mgongo wake. Barazani, baada ya mchezo, watu wazima wenye vyeo vyao walipandisha mashati kuonyeshana mikanda ya kiuno. Walibishana pingili ya nani imesagika zaidi. Mmoja aliyepasuliwa uti wa mgongo alikuwa akisimulia kisa hicho kila Jumamosi, na kila Jumamosi upasuaji ulirefuka kwa saa moja. Viwiko, magoti, nyonga, hata shinikizo la damu, vyote vilikuwa na nafasi mezani. Mgongo ulikuwa cheo kamili. Ila mkono unaoruka kwa sababu kichwa nacho kimeingia ndani, huo haukuwa ugonjwa. Huo ulikuwa mkosi. Watu wazima hao hao waliamini kwamba ukimtazama mwenye nao akisukuma mpira, unaondoka nao nyumbani.

Kwa hiyo wakagundua njia ya adabu ya kutomtazama. Walimpa. Mpira ukiwa hatua moja, umepewa Kocha. Hatua mbili, umepewa Kocha. Wakaona haitoshi kumpa yeye peke yake, wakaanza na wao kupeana, ili isionekane kuna mmoja anayehurumiwa. Ikafika mahali klabu nzima hakuna aliyekuwa akimaliza shimo katika michezo yao ya kawaida. Miezi minane ilipita hivyo. Mwanzoni Kocha alidhani ni upendo. Baadaye akagundua kwamba kila wanaposema "umepewa," wanakuwa wameshageuza mgongo.

Miezi hiyo minane ilimla. Alizoea kuamka alfajiri moyo ukimwenda mbio kabla hajakumbuka anaogopa nini. Aliacha kufanya mazoezi kwenye grini ya wazi mbele ya baraza, akawa anajificha nyuma ya banda la mashine za kukatia nyasi. Akifundisha watu kusukuma mpira, alieleza kwa mdomo tu, mikono ameifunga nyuma kama askari jela. Alijiona tapeli. Alijiona amekwisha, na hakumwambia mtu, kwa sababu ni nani utamwambia kwamba mkono wako unaogopa mpira?

Na ndiyo maana Jumamosi ile, Mhandisi aliposema "okota, umepewa," mgongo wa Kocha uliinama wenyewe. Mazoea ndiyo yaliyomwinamisha. Lakini mezani, kadi ikiwa mbele yake, hakuwa amesahau kitu. Alijua. Aliandika nne na kutia sahihi akijua, kwa sababu kusema ukweli kungemlazimu arudi pale kwenye nyasi mbele ya watu hamsini asukume ule mpira. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mkono.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Jumamosi jioni alikipokea kikombe kwa shangwe, akakipandisha juu ya rafu ya nyuzi. Jumapili mchana akasimamisha cherehani.

"Mama watoto, hicho kikombe kina nyuki? Tangu jana unakizunguka kwa mbali."

Kocha alimwambia yote. Alianza na kadi, akarudi nyuma kwenye mkono, akarudi nyuma zaidi hadi kwa daktari wa mishipa ya fahamu aliyemwona kwa siri mwezi uliopita. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka, lakini siku ile hakuwa na haraka. Alimweleza kwamba mkono ukirudia tendo moja dogo mara elfu na elfu, ramani yake kichwani huweza kuchanganyika, na hofu ikija juu yake inazidisha. Waandishi wanaupata, wapiga kinanda wanaupata, na wacheza gofu wengi wanaupata ila hawasemi. Kuna wanaobadilisha mshiko wakapata nafuu, kuna wanaoishi nao. "Umefanya kazi sana, mama, basi," daktari alimwambia. "Ila kuuficha kutakuumiza kuliko wenyewe." Kocha alikuwa amelia kwenye choo cha hospitali dakika kumi kamili, kisha akanawa uso na kwenda kufundisha.

Mumewe alisikiliza akiwa ameshika nguo aliyokuwa akishona, sare ya mtoto wa shule, mikono ya shati inaning'inia.

"Acha kazi," alisema mwishowe. "Mimi nitashona sare mbili mbili. Watu wasikuue kwa mpira, mpira wenyewe mdogo kama yai la kware."

"Nani kakwambia nimechoka na kazi?" Kocha aliruka kama kamwagiwa maji. "Kazi naipenda, baba watoto. Nimechoka kupewa."

Fundi aliiweka sare chini. Kisha akanyanyuka, akakitoa kikombe kwenye rafu, akakifuta vumbi la vitambaa.

"Basi kirudishe. Mfuko wa vitunguu uko nyuma ya mlango."

Hivyo ndivyo kikombe kilivyofika mezani kwa katibu. Jumatano, katibu alimwita tena. Safari hii alikuwepo pia mwenyekiti wa klabu, mzee mrefu mkimya aliyewahi kuwa hakimu. Alisikiliza watu kana kwamba bado anaandika hukumu. Mbele yake palikuwa na barua.

"Kamati imekaa," katibu alianza. "Imeona mchango wako. Imeona miaka yako. Kwa kweli kila mtu anakupenda hapa, Kocha."

"Haya, nipige sasa," Kocha alisema.

Katibu akakohoa. "Kamati imeamua... kamati inapendekeza... uumwe mgongo."

"Niumwe nini?"

"Mgongo. Likizo ya miezi mitatu, kwa sababu ya mgongo. Barua imeshaandikwa, bado sahihi yako. Kikombe kinabaki kabatini, hakuna tangazo, hakuna maswali. Ukirudi, mambo yale yakiwa yameondoka, unaendelea. Yasipoondoka, tutakuaga vizuri."

"Mgongo wangu mzima, Katibu. Nikiinama sasa hivi naokota sindano."

"Kocha, mgongo ni kitu cha heshima!" Alisema kwa uchungu wa kweli, kama mtu anayempa mgeni kiti chake kizuri na mgeni anakataa kukaa.

Kocha akamgeukia mwenyekiti. "Na nikikataa, mzee?"

Mwenyekiti aliisogeza barua upande wa Kocha. "Ukinyamaza, kazi ipo. Ukitangaza kwamba mwalimu wetu hawezi kusukuma mpira wa hatua moja, kamati inaona hutapata mwanafunzi, na mwalimu asiye na wanafunzi klabu haiwezi kumweka. Mimi nasema hali ilivyo."

"Nashukuru kwa kusema hali ilivyo," Kocha alijibu. Barua aliiacha mezani, bila sahihi. Alipofika nje, alisimama kando ya ukuta wa chumba cha viatu. Kazi ile ndiyo iliyomsomeshea watoto. Nyasi zile alizijua zinavyolala asubuhi na zinavyolala jioni. Aliogopa, tena sana, na alijichukia kidogo kwa kuogopa.

Alhamisi alikuwa na darasa na mwanafunzi wake mkubwa kuliko wote, mwalimu mkuu mstaafu waliyemwita Mama Kengele. Mama huyo alianza gofu akiwa na miaka sitini na mitatu, kwa amri ya daktari, sababu ya sukari. Lakini sukari ilikuwa nusu ya habari. Mumewe alikuwa amefariki, nyumba imekuwa kubwa ghafla, na alikuwa amefika mahali pa kuzungumza na jokofu. Mashimo tisa mara tatu kwa wiki yalimrudishia miguu, yakamrudishia na ulimi. Ulimi hasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo uso kama karatasi ya mtihani?"

Kocha alimweleza, fimbo ikiwa imefungwa bado kwenye mkoba. Mama Kengele alisikiliza huku akivaa glavu kidole kwa kidole.

"Kwa hiyo wanataka udanganye kwamba unaumwa, ili wasijue kwamba unaumwa."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimefukuza watoto darasani kwa uongo mdogo kuliko huo." Akachomoa fimbo. "Na huo mkono, unadhani sikuuona? Nimekuona mwezi wa tatu huko nyuma ya banda. Nilifikiri ukiwa tayari utasema. Jumamosi kuna mkutano wa wanachama, saa nne. Wewe ni mwajiriwa, huna haki ya kuongea. Mimi ni mwanachama, ada nimelipa, ninayo. Nitaomba nafasi, halafu nafasi nitakupa wewe."

Kocha alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Hata wewe unanipa, mama?"

"Hiyo utairudisha. Haya, simama vizuri, nifundishe. Leo mikono usiifunge nyuma."

Jumamosi saa nne baraza lilijaa. Wanachama sitini hivi walikaa kwenye viti vya plastiki, kando ya meza za mbao, wakitazama meza ya kamati. Nyuma ya kamati, ngazi tatu chini, ilikuwepo grini ya mazoezi, ikimeta bado kwa maji ya asubuhi. Waliongea habari za paa, habari za bomba la maji, na habari za mbwa anayelala kwenye mchanga wa shimo la sita. Katibu alipofikia mengineyo, mkono wa Mama Kengele ulikuwa juu tangu habari za bomba.

"Nafasi yangu nampa mwalimu wa klabu," alisema akiwa amesimama. "Na mtu asinikatize, sijazoea."

Minong'ono ilipita viti kwa viti. Mhandisi, bonge la mtu mwenye viatu vyeupe pe, alikuwa mstari wa mbele. Alipomwona Kocha akisogea alikunja mikono kifuani.

Kocha alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi. Aliitazama, akaona haina maana, akaikunja.

"Kikombe cha nafasi ya tatu si changu," alisema. "Shimo la mwisho niliokota mpira uliokuwa nje, nikaandika nne, nikatia sahihi. Nafutwa kwenye mashindano yale, na aliyekuwa wa nne apewe haki yake. Hilo moja. La pili ni kwa nini niliokota. Niliokota kwa sababu nina ugonjwa wa mkono. Mpira ukiwa karibu na shimo, mkono unaruka. Unatoka kwenye mishipa ya fahamu, na unatoka kichwani, na nina cheti cha daktari. Mmekuwa mkiuita mambo yale. Una jina. Mimi nauita kigugumizi cha mkono."

Meza ziligongwa. Meza zote, mara tatu tatu, kama mvua ya mawe imeanza.

"Gongeni mpaka zivunjike," Kocha alisema, na sasa hasira ilikuwa imeishika sauti yake na kuisimamisha imara. "Miezi minane hakuna aliyeniuliza habari yangu. Mtu akishikwa na mgongo hapa mnamletea mto. Mimi mlinigeuzia wenu. Nimekosa usingizi, nimejificha nyuma ya banda kama mwizi wa petroli, nimeandika uongo kwenye kadi, mimi niliyewafundisha nusu yenu namna ya kuandika kadi! Ule uongo ni wangu, sitamtwisha mtu. Lakini likizo ya mgongo siitaki. Mgongo wangu mzima."

Baadhi yao walicheka, wakajizuia. Mhandisi akasimama.

"Mwenyekiti, mimi nimevunjiwa heshima. Kadi ile na mimi niliitia sahihi. Nilimhurumia! Nimemfanyia wema, leo naitwa mkosaji mbele ya watu."

"Nani aliomba huruma?" Kocha aliuliza.

"Ulikuwa unatetemeka!"

"Ndiyo, nilikuwa natetemeka. Mtu anayetetemeka anaachwa amalize."

Mhandisi aligeukia viti vya nyuma, akitafuta wa kumuunga mkono, na walikuwepo. "Tuseme ukweli basi, kama leo ni siku ya ukweli. Mtu asiyeweza kusukuma mpira wa hatua moja atamfundisha nini mwenzake?"

Vichwa kadhaa viliitikia. Swali lilikuwa zuri, na Kocha alikuwa amejiuliza lenyewe kila alfajiri. Hakulijibu. Aliupita mstari wa mbele, akaizunguka meza ya kamati, akashuka ngazi tatu hadi kwenye grini. Fimbo za mazoezi zilikuwa kwenye ndoo. Akachukua moja. Akaweka mpira chini, akapima hatua moja kutoka shimoni kwa mguu wake ili wote waone.

"Asiyetaka kuambukizwa afumbe macho," alisema.

Kuna waliofumba, wallahi, watu wenye shahada zao. Mmoja alijifunika kwa ratiba ya mkutano.

Kocha alisimama juu ya mpira. Mkono ulikuwa umeshaanza kujikaza, aliusikia kuanzia kwenye kiwiko, kama mtu unayemjua anapanda ngazi. Akasukuma. Mkono ukaruka. Mpira ukakimbia kushoto, ukalipita shimo.

"Moja," alisema kwa sauti.

"Umepewa!" mtu alipiga kelele kutoka barazani, na hakuwa na nia mbaya, yalimtoka tu.

"Leo sipokei."

Akausogelea. Akasukuma. Mkono ukaruka tena. "Mbili." Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kope, na aibu ile aliyoikimbia miezi minane ilikuwa imemfikia yote, mzima mzima, mchana kweupe, na jambo la ajabu ni kwamba alikuwa bado amesimama. "Tatu." Mpira ulirudi karibu na ulipoanzia. Kutoka jikoni ndoo ya maji ilisikika ikijaa. Akabadilisha mshiko, mkono wa kushoto chini, wa kulia juu, kama daktari alivyomwambia ajaribu. Akasukuma. Mpira uligusa mdomo wa shimo, ukakataa. "Nne." Ukawa umebaki upana wa viganja viwili. Akasimama juu yake muda mrefu kuliko mara zote nne. Mkono ukaruka kidogo, mpira ukayumba, ukaingia.

"Tano," alisema. Akainama, akautoa shimoni kwa mkono uleule. "Umeniuliza nitamfundisha mtu nini, Mhandisi. Nitamfundisha kumaliza. Hapa klabuni kuna nani anayejua? Mnapeana tangu mwaka jana. Njoo."

"Nije wapi?"

"Njoo huku. Hatua moja, kama wangu. Mkono wako ni mzima."

Mhandisi alicheka, akatazama huku na huku, akaona hakuna anayecheka naye. Angekataa angeonekana mwoga, na alilijua hilo. Alishuka ngazi akiwa anazungusha mabega, akaipokea fimbo, akasimama juu ya mpira. Watu sitini walisogea hadi kwenye ukingo wa baraza. Hata aliyejifunika kwa ratiba alikuwa ameishusha.

Hakuna mtu aliyekuwa amemtazama Mhandisi akisukuma mpira wa hatua moja kwa muda mrefu sana. Aliusimamia. Akaondoka juu yake, akajifuta viganja kwenye suruali, akarudi. Akasukuma kwa nguvu za mtu anayetaka jambo liishe. Mpira ulipita ukingoni mwa shimo, ukaenda kusimama ng'ambo ya pili, pungufu kidogo ya hatua.

"Sawa, imetosha," alisema, na mkono wake ulikuwa umeshanyooka kuokota.

"Acha," Kocha alisema. "Haujaingia."

Mhandisi alibaki ameinama. Aliinua uso wake mwekundu kuelekea barazani, akipita uso kwa uso, akisubiri mmoja wao aseme lile neno. Mama Kengele alimtazama moja kwa moja. Katibu aliangalia faili zake. Mwishowe macho ya Mhandisi yakafika kwa mwenyekiti, aliyekuwa amenyanyuka kwenye kiti chake na kusimama juu ya ngazi, mikono nyuma.

"Mhandisi," mwenyekiti alisema, "msikilize mwalimu wako."